Kila Mtambo na Mtu Wake

Naanza kwa lako jina,
Rabi usiye hiana,
Uliyeumba mchana
Watu wapate kuchuma.

Sifa njema ni zake Yeye aliyeijaalia mikono ya wanadamu kuwa milango ya riziki zao, akawaamuru wakishamaliza sala watawanyike katika ardhi na kutafuta fadhila zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, ambaye hakuona haya kushona viatu vyake kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya hayo, na tuwapange watu wa habari hii kila mmoja mahali pake, ili msikilizaji asipotee njiani.

Mwenye habari ni Fadhul bin Muhamad, Mnubi wa Bugembe, mji ule ulioketi kando ya barabara kuu itokayo Jinja kwenda Iganga. Babu yake aliingia nchi hii kutoka Sudani akiwa na bunduki begani. Baba yake aliuza vitambaa. Yeye mwenyewe hakuwahi kushika chombo kikali kuliko mkasi wa kukatia nyuzi, kwa kuwa kazi yake tangu ujanani ilikuwa ufumaji. Dada yake, Kulusumu, aliolewa Nakaloke, kaskazini ya Mbale, na Mwislamu wa Kimasaba aitwaye Mafabi, wakamzaa Sulait. Mama wa Mafabi ni Bibi Namono, mwanamke mfupi mwenye neno refu. Wengine wawili, Yekosofati mfumaji na Isabirye ofisa, watajitokeza wenyewe, maana hawakuwa watu wa kungoja kutambulishwa.

Vita vya mwaka wa sabini na tisa vilipouangusha utawala wa wanajeshi, watu waliojaa machungu walitafuta wa kuwatolea, na kwa kuwa Wanubi wengi walikuwa jeshini, kila Mnubi akahesabiwa kuwa askari, hata yule aliyeishi kwa sindano. Fadhul na mkewe Khadija walifunga mizigo usiku mmoja wakavuka mpaka kuingia Sudani. Kulusumu hakuwahi kutoka. Watu wenye mapanga walipofika Nakaloke wakimwuliza "yule mwanamke wa Kinubi", Bibi Namono alikuwa amekwisha kumwingiza katika ghala ya ulezi, akajikalia mlangoni na ungo wake.

"Humu mna ulezi," akawaambia. "Anayetaka aingie anisaidie kupeta."

Hakuna mwanamume aliyetaka kuonekana akipeta. Wakaondoka.

Miaka ikapita juu ya miaka, vita vikafuatwa na vita, hata siku Fadhul aliporudi Bugembe ndevu zake zilikuwa na mvi na majirani wake walikuwa wapya. Aliwasalimu kwa Kiswahili, wakamwitikia kwa macho ya pembeni, kwani katika masikio yao lugha ile ilikuwa bado inanuka vizuizi vya barabarani vya askari. Akatafuta kazi Jinja. Kila alipotaja ukoo wake, aliambiwa arudi wiki ijayo.

Serikali iliyokuwapo iliikuta nchi ina vijana wengi na kazi chache. Upande wa Teso bunduki zilikuwa bado zinalia, na waliozikimbia walijaa katika baraza za maduka ya Mbale. Wakubwa wakaketi, wakatunga mkakati. Katika bohari moja la Jinja ilikuwamo mitambo ya kufumia mablanketi, ile ya kukanyagwa kwa miguu, iliyofunikwa maturubai tangu kabla ya vita. Wakasema: haifai mitambo ilale Jinja na pamba ilale Mbale, na katikati yake vijana wamekaa wakitupa vijiwe. Na kwa kuwa umeme ulikuwa wa kubahatisha, mtambo wa miguu ukaonekana neema, maana mtambo wa umeme humwondoa mtu, na wa miguu humtaka.

Lakini nchi ilikuwa imekwisha kuumwa na nyoka. Hapo nyuma viwanda viligawiwa kwa watu waliojaza karatasi majina ya wafanyakazi hewa, kisha mashine zikauzwa vipande vipande. Kwa hiyo sharti liliwekwa, fupi na lisilo na tafsiri mbili: kila mtambo na mtu wake, naye awe mwenyeji wa wilaya. Siku ya ukaguzi, mtambo wenye mtu utabaki kuwa mali ya ushirika wa mji. Mtambo usio na mtu utapandishwa lori, upelekwe mji mwingine wenye njaa zaidi.

Isabirye, Msoga Mwislamu mwenye miwani na mwendo wa haraka, ndiye aliyekabidhiwa mpango huo na wizara, naye ndiye aliyemwajiri Fadhul.

"Watu wengi wamenionya juu yako," alimwambia siku ya kwanza. "Wanasema wewe ni Mnubi."

"Ni kweli, mheshimiwa."

"Nami nikawauliza, je, mitambo inajua kabila? Nenda Nakaloke ukawafundishe. Ukifaulu, nyumba ya msimamizi ni yako, ukamlete mkeo. Usipofaulu, ndugu yangu, mimi na wewe tutarudi kuambiwa tuje wiki ijayo."

Hivyo Fadhul akafika Nakaloke na mitambo ikafungwa kwa nati katika sakafu ya bohari la zamani la pamba. Akafundisha. Vijana wa Kimasaba walikuwa wepesi wa mguu, na waliokimbia kutoka Teso, walioandikwa kuwa wakazi wa wilaya, walikuwa wavumilivu wa mkono. Sulait, mpwa wake, aliwapita wote. Miezi michache haikupita ila mablanketi ya kijivu yenye ukingo mwekundu yakaanza kupelekwa hospitalini na kwenye shule zilizofunguliwa upya.

Isabirye alipomwandikia amtajie siku inayofaa kwa ukaguzi, Fadhul aliona ni fursa ya kutafuta baraka. Akafungua kalenda, akaona kwamba mwaka mpya wa Kiislamu, mwezi wa Muharram, ungeandama Agosti. Akachagua siku katika siku zake za kwanza. Alipowatangazia wafumaji, walicheka wakapiga makofi, na Yekosofati, kiongozi wao, akapiga mluzi.

"Agosti!" akasema Yekosofati. "Msimamizi wetu ni mtu wa furaha kumbe!"

Fadhul akadhani wanaishangilia kazi.

Msomaji aliyezaliwa chini ya Mlima Elgon amekwisha kushika kichwa. Kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, Wamasaba ni wakulima na wafanyabiashara kama watu wengine. Lakini mwaka shufwa ukija, na Agosti ikaingia, nchi yote huwa ya watahiriwa. Vijana hujipaka unga wa ulezi, hufunga njuga mapajani, hupita kwa jamaa zao wakicheza, na nyuma yao hufuata kaka, dada, rafiki na jirani, ngoma za kadodi zikitangulia, mpaka siku ya kusimama mbele ya ngariba bila kupepesa ukope. Mwaka ule ulikuwa shufwa. Fadhul aliyajua mambo hayo kwa kuyasikia tu, kama mtu wa bara ajuavyo bahari.

Siku ya kwanza ya ngoma, nusu ya mitambo ilinyamaza. Siku ya pili msafara wa watahiriwa ulifika mpaka langoni mwa kiwanda, vumbi juu, filimbi zinalia, na wafumaji waliobaki wakaanza kuvua aproni. Fadhul aliona jasho la miezi likimwagika. Akakimbia, akalifunga lango mbele ya nyuso za waliokuja, akageuka kuwakabili waliomo ndani.

"Hakuna anayetoka!" akapaza sauti. "Atakayetoka asirudi! Hapa ni kazi, si mchezo!"

Nje ya lango ngoma ilikatika katikati ya pigo. Yekosofati akapiga hatua moja mbele, akakutanisha visigino, akapiga saluti ya kijeshi.

"Ndiyo, Afande!"

Hakuna aliyecheka. Neno lile lilimpata Fadhul chini ya mbavu. Kesho yake alipofika kiwandani alikuta Nulu peke yake, mwanamke mfagiaji wa mabaki ya pamba, akifagia mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

"Wako wapi, Nulu?"

"Walipokuwa jana, bwana. Nje ya lango."

Akapanda teksi hadi Mbale, akasimama katika foleni ya posta mpaka alipounganishwa na Jinja.

"Mheshimiwa, naomba tusogeze siku. Kuna sherehe za kimila."

"Siku uliichagua wewe, Bwana Fadhul," ikajibu sauti ya Isabirye katikati ya mikwaruzo. "Ujumbe uko njiani tayari, unapita wilaya kwa wilaya. Kuna miji inayoniandikia barua za machozi ikitaka mitambo hiyo. Nikikupa wewe siku za ziada, niwaambie nini wao? Sheria haina shangazi."

Akatoka posta miguu mizito, akaswali adhuhuri katika msikiti wa sokoni, kisha akaenda kwa dada yake, kwani mtu akizidiwa hukumbuka aliyenyonya naye ziwa moja. Alikwisha kuandaa la kulalamika. Lakini uani kwa Mafabi alisimama kama aliyepigwa na butwaa. Kijana mrefu, mweupe kwa unga toka utosini hadi nyayo, njuga mapajani, alikuwa akinywa maji kwa kata.

"Shikamoo, mjomba," akasema kijana yule.

"Sulait? Wewe? Si ulitahiriwa ukiwa mtoto mdogo?"

Maana kwa Wanubi mtoto wa kiume hupelekwa angali mchanga, na Fadhul hakuwahi kufikiri kwamba mtoto wa dada yake angekuwa vingine. Kulusumu akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Kaka, ungeuliza," akasema kwa upole. "Miezi yote hii ulikuwa ukimwuliza juu ya nyuzi tu."

"Mwache," ikasema sauti kutoka mkekani. Ilikuwa ya Bibi Namono. "Njoo ukae hapa, baba. Mimi nina la kukueleza, na kwanza uyameze mate hayo ya hasira. Huyu mtoto umri wake wa kutahiriwa ulifika msimu uliopita. Wenzake wote walisimama. Mimi nikakataa. Nikasema, mjomba wake yu hai Sudani, na mtoto hawezi kusimama mbele ya kisu kama yatima wa upande wa mama. Watu wakanicheka. Wakaniambia, yule Mnubi harudi, labda amekwisha kufa. Nikawajibu, nilimficha dada yake ghalani si kwa sababu ya ulezi. Atarudi. Basi amekaa mvulana miaka miwili zaidi, wasichana wakimwimbia nyimbo za kumdhihaki kisimani, akikungoja wewe."

Fadhul akaketi mkekani.

"Ukarudi," akaendelea Bibi. "Ukachagua Agosti. Kijiji kizima kikasema, ahaa, tazama mjomba muungwana, ameweka sherehe yake ya serikali ndani ya sherehe ya mpwawe! Kisha mtoto akaja na msafara kukualika, kama desturi. Nawe ukafanya nini?"

"Nikafunga lango," akasema Fadhul, na kila herufi ilikuwa mwiba.

"Ulifunga lango usoni mwa mpwa wako. Unadhani wafumaji wako wamekwenda kucheza? Wameona haya kwa niaba yako. Umewaita watu kwa sheria, baba. Ni vema, sheria ni nzuri. Lakini wewe ulikuwa na njia ya kuwaita kwa damu, ukaiacha."

Fadhul akainama mbele yake. "Mama, lango lililofungwa hufunguliwaje?"

Bibi Namono akatabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la mtu aliyeshika karata asiyotaka kuionyesha yote. "Mtahiriwa sharti afike kwa mjomba siku moja kabla ya kisu. Mjomba humpaka unga, humwombea, humchinjia. Na kwa ukoo wetu kuna jambo jingine. Mjomba akishachinja ana ombi moja mbele ya watu. Mtahiriwa hana ruhusa ya kulikataa, na waliomsindikiza hawana ruhusa ya kuondoka mpaka wamelitimiza pamoja naye. Wajomba wengi huomba kuni. Mmoja aliomba nyumba yake iezekwe, ikaezekwa kabla ya magharibi."

"Na siku hiyo ni lini?"

Kulusumu akaitaja. Ilikuwa ndiyo siku ya ukaguzi.

"Waje kwangu," akasema Fadhul polepole.

"Kwako ni wapi?" akauliza Bibi. "Wewe huna boma Nakaloke. Unalala kiwandani."

"Basi kwangu ni hapo nilipotandika mkeka wangu."

Bado roho yake ilikuwa na swali, nalo lilikuwa la dini. Akalisema waziwazi: tohara ni sunna, hilo halina shaka, lakini hapendi pombe wala tambiko katika uwanja wake. Bibi Namono akapiga makofi ya mshangao. "Sikiliza huyu! Tangu nitamke shahada, katika nyumba hii hakijachachushwa chochote ila maziwa. Wewe lete dua yako, sisi tutaleta unga wetu."

Jioni ile Fadhul alikwenda kwa Yekosofati, mbele ya majirani wake wote, akamwomba radhi. Yekosofati alimsikiliza akitafuna muwa.

"Wazee wamesema msafara hauwezi kupita katika lango lililomfungia mtahiriwa," akasema. "Hata likifunguliwa, ni lilelile."

"Hilo wazee wamesema kweli," akajibu Fadhul.

Asubuhi ya siku ya ukaguzi Isabirye alifika na ujumbe wake, na nyuma yao lori tupu lenye mafundi wa spana. Akateremka, akafuta miwani, akatazama huku na huku.

"Bwana Fadhul, lango liko wapi? Mmeibiwa?"

"Nimeling'oa mwenyewe katika bawaba zake, mheshimiwa. Lile pale limelala chini. Ninangoja wageni."

"Wageni ni sisi."

"Leo wageni ni wengi."

Wakaingia. Ukumbi ulikuwa safi kama msikiti, nyuzi zimetandwa juu ya kila mtambo, na juu ya kila mtambo hapakuwa na mtu. Nulu peke yake alikuwa pembeni na fagio lake. Isabirye aliponena, sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyeumia.

"Nilikupigania, ndugu yangu. Wajua nilivyokupigania."

"Najua. Nakuomba mpaka adhuhuri."

"Ili iweje? Mimi sikuja kuhesabu ahadi. Nchi hii imehesabu ahadi mpaka vidole vikaisha." Akatazama jua. "Lakini adhuhuri nitaswali, Mnubi wewe, na mtu haswali huku mafundi wanagonga. Na waanze sasa kulegeza nati, taratibu. Nikitoa salamu ya mwisho, nitahesabu."

Mafundi wakatandaza spana. Nati ya kwanza ikalia, ikazunguka, ikatoka. Fadhul aliisikia kama jino lake mwenyewe. Akatoka nje, akafungua kamba ya mbuzi beberu aliyenunuliwa na ushirika kwa karamu ya wajumbe, akamfunga karibu na kizingiti.

"Yule si wetu?" mjumbe mmoja akamnong'oneza mwenzake.

"Alikuwa wetu," akajibu mwenzake.

Adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikiti wa Nakaloke. Wakaswali uani, Isabirye akiwa imamu, na Fadhul nyuma yake akisujudu sijida ndefu ya mtu mwenye haja. Walikuwa katika tahiyatu ya mwisho ardhi ilipoanza kutetema.

Kwanza ilikuwa kama radi mbali mlimani. Kisha zikapambanuka ngoma, filimbi, njuga, na sauti za mamia. Nchi iliyotoka vitani husikia umati ukija mbio na kukumbuka mambo mengine: dereva wa lori alikwisha kuwa uvunguni mwa lori lake, na mafundi wakamfuata na spana zao mkononi.

"Ssebo, mabwana, tokeni!" Nulu akawaita huku akicheka. "Ni harusi ya wanaume!"

Vumbi likapanda barabarani, na kutoka ndani yake akatokea Sulait, mweupe, kifua wazi, macho mbele, akikanyaga kwa mshindo uliozipa njuga zake sauti moja na ngoma. Nyuma yake Yekosofati alikuwa akiruka kama kijana, na nyuma ya Yekosofati kulikuwa na kila uso ambao Fadhul alikuwa ameufundisha kufunga fundo. Walipofika penye nguzo mbili zisizo na lango, walisimama. Wazee wakatazama bawaba tupu, wakatazama mbao zilizolala mchangani. Mmoja akaitikia kwa kichwa. Msafara ukaingia kama maji yaliyofunguliwa mferejini.

Fadhul akavua kofia yake, akachota unga katika kibuyu alichokipokea kwa Bibi Namono, akampaka mpwawe kipaji, mabega na kifua. Unga ukamwangukia yeye pia katika ndevu.

"Ewe Mola," akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa uwanja, "huyu ni mtoto wa dada yangu, yule aliyefichwa na watu hawa siku sisi Wanubi tulipotafutwa. Mpe moyo usiotikisika kesho, na mkono usiokaa bure siku zote baada ya kesho."

"Amina!" wakaitika Waislamu na Wakristo kwa pamoja. Akachinja kwa jina la Mwenyezi Mungu. Ngoma zikanyamaza, kwa maana zamu ilikuwa ya ombi.

"Mjomba, sema haja yako," akatamka Sulait kama alivyofundishwa.

"Sitaki kuni," akasema Fadhul. "Paa langu halivuji. Ninataka kuona ulichojifunza kwangu. Ingia ufume, na wote waliokusindikiza waliojifunza pamoja nawe wakufuate."

Yekosofati akaangua kicheko kilichomfanya ashike magoti.

"Ameshika mila yetu kwa pembe!" akapiga kelele. "Ametukamata, jamani! Hatuwezi kutoka!"

Sulait akaingia ukumbini na njuga zake, akaketi kwenye mtambo wake, akakanyaga. Mti wa kupitishia uzi ukaruka kulia, ukaruka kushoto, na kila alipokanyaga njuga za mapaja zikalia. Wapiga kadodi waliosimama mlangoni wakausikia mwendo ule, wakaudaka. Wafumaji wakamiminika, kila mmoja akijua mahali pake, vumbi la barabarani bado miguuni, na ukumbi mzima ukawa ngoma moja ya mbao na uzi. Hata fundi aliyelegeza nati alionekana amepiga magoti akiikaza tena, asipigwe na mtambo uliokuwa unacheza.

Isabirye akapita safu kwa safu, midomo ikitembea kimya. Akafika mwisho, akasimama. Mtambo mmoja ulikuwa mtupu.

"Huu ni wa nani?"

"Wa Makokha," akasema Yekosofati, na furaha ikamtoka usoni. "Alisimama wiki iliyopita, mheshimiwa. Amelala na kidonda chake. Huwezi kumwinua."

"Sharti halikusema kidonda."

Hapo Nulu aliegemeza fagio lake ukutani. Alikuwa mzaliwa wa Nakaloke, na miezi yote ile, wafumaji walipokwenda kula, alikuwa akiketi penye mtambo wowote na kujaribu mguu, Fadhul akimwona na kumwelekeza bila kumwandika, kwa kuwa mpango ulitangazwa kuwa wa vijana na kila mtu alielewa kuwa maana yake ni wanaume. Akaketi penye mtambo wa Makokha. Alianza polepole, uzi ukamkatikia, akaufunga, akaendelea.

Wazee wakatazamana. Wajumbe wakamtazama Isabirye. Naye akavua miwani, akaivaa tena.

"Sharti linasema mtu," akatamka. "Wewe bibi, ni mtu?"

"Tangu nizaliwe, bwana."

"Na ni mwenyeji?"

"Kitovu changu kimezikwa nyuma ya bohari hili."

"Basi kila mtambo una mtu wake," akasema Isabirye, na sauti yake ikapanda juu ya ngoma zote. "Mitambo hii ni mali ya ushirika wa Nakaloke! Na mimi nitaiambia wizara kwamba mkakati wa ajira usiouliza kalenda ya wenye kuajiriwa ni kanzu iliyoshonwa bila kumpima mvaaji."

Makelele yaliyofuata yalisikika, wasemao walisema, mpaka Mbale mjini. Kulusumu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Dereva alitolewa uvunguni akapewa paja la mbuzi. Fadhul alijikuta amebebwa juu juu na watu waliokuwa na unga, akawa mweupe kama mpwawe, huku akijaribu kuishika kofia yake na heshima yake asiweze kushika hata kimoja.

"Mjomba Afande!" Yekosofati akamwita kutoka chini. "Kesho je? Kazi au kisu?"

"Kesho kiwanda kimefungwa," akajibu Fadhul kutoka juu. "Na hiyo ni amri!"

Safari hii saluti zilizopigwa zilikuwa za kicheko.

Kesho yake Sulait alisimama mbele ya ngariba uwanjani, mikono juu, macho katika kilele cha mlima, na waliokuwa karibu wanaapa kwamba hata ukope haukucheza. Filimbi ilipolia kuonyesha kwamba amekwisha kuwa mwanamume, Fadhul ndiye aliyetangulia kumfikia, akamfunika kwa blanketi la kijivu lenye ukingo mwekundu, akamketisha kwenye kigoda. Khadija alifika siku chache baadaye kutoka Bugembe na sufuria zake, akakuta nyumba ya msimamizi imekwisha kufagiliwa na majirani, na nje ya mlango wamepanga ndizi, kuku na kibuyu cha maziwa, kama wapokeavyo wakwe. Nulu akaandikwa mfumaji. Makokha alipopona alilalamika kwamba mtambo wake umepotea, akapewa fagio mpaka ulipofika mwingine kutoka Jinja. Nao ulifika, pamoja na wenzake kadhaa, kwa kuwa habari ya siku ile iliwahi Jinja kabla ya Isabirye.

Bibi Namono amekwisha kutangulia mbele ya haki, akazikwa siku ambayo kiwanda kizima kilisimama bila amri ya mtu yeyote. Fadhul naye amelala karibu naye, katika ardhi ambamo hakuzaliwa ila iliyomkubali. Mwenyezi Mungu awatandikie nuru makaburini mwao. Na waliobaki, wake kwa waume, waketio leo penye mitambo ile na wale wanaongojea bado zamu yao mabarazani, Mola awape kazi ya halali isiyowadhalilisha, awape watawala wapimao kabla ya kukata, awape milango iliyo wazi kwa wageni wao, na awalinde wao na watoto wao wasiione tena vita. Amina.